Birika la Mwosha

Hapa Kamembe, mjini kwetu kando ya ziwa, palikuwa na mwanamke ambaye wote tulimpenda, na hakuna aliyependa kumshika mkono. Jina alikuwa nalo, tena zuri, ila ukilitaja leo sokoni watu watakuuliza ni nani huyo. Sema Mwosha tu, na hata dereva wa pikipiki ya abiria, moto kama tunavyoiita hapa, aliyehamia juzi kutoka Nkungu atakufikisha mlangoni kwake, kisha ataigeuza upesi aondoke. Ndiye aliyekuwa akiwaosha wanawake wetu wanapofariki. Alimwosha mama yangu. Alimwosha shangazi yangu, na mama mkwe wangu pia, ambaye alipokuwa hai hakukubali hata daktari amguse.

Mimi nauza vitenge mbele ya msikiti, barabara tu ndiyo inatutenganisha, kwa hiyo nilimwona miaka na miaka akiingia na kutoka. Na niseme mapema, mdomo wangu hauna mlango. Yeye alikuwa kinyume changu kabisa, ndiyo maana nadhani alipenda kukaa dukani kwangu. Nilisema mimi, yeye akanyamaza, siku ikaisha.

Mikono yake ilikuwa midogo, laini, ya mtu anayeshinda kwenye maji. Akikutana na watu njiani aliiweka nyuma ya mgongo, akasalimia kwa kichwa. Wageni walidhani ana maringo. Kumbe alikuwa anatuhurumia. Alijua mtu akimpa mkono atakwenda kuunawa akifika kona, na hakutaka kumpa mtu kazi ya kujificha. Kuna wakati alijaribu kupika mandazi auze asubuhi. Mandazi mazuri, yana iliki, harufu inafika hadi kwangu. Hakuna aliyenunua. Wakongomani waliovuka daraja kutoka Bukavu na mizigo yao, wasiomjua, ndio pekee waliokula, mpaka siku mtu alipowanong'oneza. Alifunga jiko lile, unga uliobaki akampa imamu.

Harusini alikaa nyuma kabisa, karibu na masufuria, ili bibi harusi asimwone akaingiwa na mawazo. Lakini ngoma ikianza kukolea, mabega yake yalikuwa yanacheza peke yake. Alipenda rumba jamani! Radio yake ilishika stesheni za ng'ambo, na mtu akipita nyumbani kwake mchana angedhani ni baa. Wazee wa msikiti walimsema. Akawajibu kwamba watu anaokaa nao yeye siku nzima hawazungumzi, basi angalau radio izungumze.

Ulimi wake kwa sisi wazima ulikuwa mkali. Kwa maiti alikuwa mpole, anawasemesha, anawaomba radhi akiwageuza. Kwa sisi, lo! Siku moja alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, mimi nimesimama na kitenge kipya nimejifunga vizuri, nikategemea sifa.

"Weye unanona sana," akaniambia. "Upunguze bugali. Siku yako ikifika nani atakugeuza? Mi niko muzee."

Nilicheka hadi nikakaa chini. Nilimtukana pia kidogo. Vijana wa kijiweni, hao wanaopenda methali wasizojua uzito wake, walikuwa wakimwona wanapaza sauti, "Mwosha huoshwa!" Naye hakuwahi kukasirika. Aliwajibu, "Inshallah, na maji ya vuguvugu, watoto wangu."

Aliogopa ziwa, huyu mtu wa maji. Hakuwahi kupanda mtumbwi. Hata daraja la Rusizi alilivuka anatazama visigino vya aliyetangulia, akifika upande wa pili anasema alhamdulillah kwa sauti. Nilimuuliza sababu, akaniambia maji yake yeye anayajua, yanatoka anapoyamimina, yanaishia anapotaka. Yale ya ziwa hayana mwenyewe.

Maji hayana haraka, ndilo neno lake. Alilisema kwa wanawake waliomsaidia, wale wa kumwaga maji huku yeye anasugua. Wengi walitaka kumaliza wakimbie. Yeye hapana. Mwisho wa kazi, maiti ameshavikwa sanda, alilichukua birika yeye mwenyewe na kuwamiminia maji mikononi wote waliosaidia, mmoja mmoja, huku akimwambia kila mmoja, "Nawa. Umemaliza." Wanaojua wanasema mpaka usikie neno hilo, mwili wako unakuwa bado umo mle chumbani. Mimi sijui, kwa sababu sikuwahi kuingia. Siku ya mama yangu nilisimama nje ya pazia nikisikia maji yanavyoanguka. Moyo wangu hauwezi, nilimwambia, na hakunilazimisha.

Jambo moja lazima mlielewe, maana bila hilo hamtaelewa yaliyotokea. Mwosha anaona vyote. Anaona kovu ambalo mume hakuambiwa, mimba ambayo haikutangazwa, alama za kipigo chini ya nguo za bei. Na akitoka mle ndani, kinywa kimefungwa. Ndiyo kazi yenyewe, kufunika. Alifariki mama mmoja tajiri hapa mjini, mume akawa analia sana mbele za watu, na ndugu wa marehemu wakawa na wasiwasi wao. Walimfuata Mwosha wakamzingira: uliona nini kwenye mwili wa dada yetu?

"Niliona maji," akawaambia.

Walimbembeleza, wakamtisha. Niliona maji. Ilibaki hivyo. Mimi nilimkaripia siku ile, nikamwambia wakati mwingine kunyamaza ni kumsaidia mwovu. Akasema mwenye kazi ya kufunua yupo, analipwa na serikali. Yeye kazi yake nyingine.

Sasa birika. Lilikuwa la shaba, kuukuu, lilitoka kwa mwanamke wa Uvira aliyemfundisha kazi. Mdomo wa birika ulikuwa umepinda kidogo, maji yakawa yanatoka membamba kama uzi. Kwa birika hilo alimwosha hata binti yake. Alikuwa na binti mmoja tu, akafia kwenye uzazi, yeye na mtoto. Watu walimwambia apumzike, wataletwa wanawake kutoka Bugarama. Akakataa. Aliingia na birika lake akafunga pazia.

Tangu siku ile alikuwa na ombi moja tu duniani, na alilisema kwa kila mtu, hata kwa muuza makaa: siku yake ikifika, aoshwe kwa birika lile lile. "Maji yangu ipite kwenye ya mutoto wangu ilipitaka," alikuwa anasema. Nyumba hakuijali, shamba hakuwa nalo. Ni hilo tu.

Na hilo birika lilikaa wapi? Nje! Ukutani pale uani mwa msikiti, kando ya bomba, limefudikizwa juani. Alifundishwa kwamba chombo cha maiti hakifungiwi ndani, kinakaushwa na jua, mtu asije akakitumia nyumbani kwa kujisahau. Na nani angekigusa? Mji mzima unakijua. Watoto wakicheza mpira uani, mpira ukiangukia karibu na birika, mchezo umekwisha. Miaka yote hiyo hatukuwahi kufikiri kwamba kingeweza kuibiwa. Tunafunga maduka kwa kufuli mbili, tunafunga hata madebe ya mchanga, na birika lile tuliliachia woga wetu lijilinde.

Kamera niliweka kwa ajili ya wezi wa vitenge. Fundi aliifunga juu ya mlango, inaona duka, inaona barabara, na pembeni inaona kipande cha ua wa msikiti, bomba na ule ukuta. Nilijivunia hiyo kamera kama nimezaa. Basi asubuhi moja ya mvua Mwosha akaja dukani, kanga imelowa, mikono yake ikiwa mbele, haiko mgongoni. Ndipo nikajua kuna jambo.

"Birika haiko," akasema.

Tulikaa mbele ya kioo kidogo cha kamera, tukarudisha nyuma. Tukamwona. Mwanamume mtu mzima, koti la mvua, kofia. Anaingia uani kama mtu wa kawaida, anafungua bomba, anavua kofia, ananawa uso, ananawa miguu. Anafunga bomba vizuri lisidondoshe maji. Kisha anachukua birika, analitia chini ya koti, bega moja limeinama, anaondoka kuelekea barabara ya Nzahaha. Sura iko wazi, ungeweza kumhesabia nywele za kidevu. Mimi simjui. Nilianza kulaani palepale, ukoo wake wote niliupitia.

Mwosha hakulaani. Akasema, "Rudisha." Nikarudisha. "Rudisha tena." Alisogea karibu na kioo mpaka pumzi yake ikaacha ukungu.

"Unamjua?" nikamuuliza.

"Minaona maji," akasema.

Nilidhani anasema lile bomba. Jamani, mimi na kusikia kwangu kote.

Tulikwenda kituoni, mimi na simu yangu ambayo fundi alikuwa ameitilia ile picha. Afande wa mezani alikuwa kijana mwenye adabu, hilo siwezi kumnyima. Alitupa viti. Akasikiliza. Nilipofika kwenye neno birika, kalamu ikasimama.

"Maman, birika ya chai?"

"Ya kuoshea maiti."

Akavuta kiti chake nyuma. Akauliza kama ni ya umeme. Nikamwambia ni ya shaba, na mwizi tunaye humu, angalia, sekunde chache tu, angalia sura! Nikamsogezea simu. Hakuishika. Ninaona mpaka leo vile mkono wake ulivyobaki mezani.

"Maman, bantu banaibiwa pikipiki, banaibiwa televizio. Weye unaniletea birika. Leta jina ya huyu muntu, tutamuita."

"Jina sina! Jina si ndiyo kazi yenu? Mimi nimekuletea uso!"

"Uso haina adresi, Maman." Kisha akamgeukia mwenzangu kwa heshima. "Na weye, Mzee wetu, unamujua?"

Mwosha alikuwa amekaa wima, mikono mapajani. "Muangalie," akasema. "Minaomba muangalie tu."

"Tunauliza kama unamujua."

"Muangalie, mwanangu. Macho ni yenu."

Hawakuangalia. Walituambia turudi. Tuliporudi, mwingine akasema picha ya simu inaweza kutengenezwa, wao wanataka kuiona ndani ya kamera yenyewe, watakuja dukani. Tukangoja. Mwosha akawa anashinda kwangu kutwa, anatazama barabara, kila gari la rangi ya polisi likipita anasimama. Hawakuja. Na kamera zile zina tabia yake, fundi alinieleza: zikijaa zinajifuta zenyewe, zinaandika ya leo juu ya jana. Nilirudi kituoni peke yangu nikapiga kelele hadi mahabusu wakanishangilia. Nikaambiwa watakuja.

Walikuja kweli. Walikuja pikipiki ya mfanyabiashara mmoja ilipoibiwa mbele ya duka langu. Haikufika hata jioni, wamejaa dukani, wanarudisha nyuma, wanasogeza mbele, wanaomba kioo kiongezwe mwanga, wanakunywa chai yangu. Yule yule kijana wa mezani alikuwemo. Nikamwambia, afande, na ile ya birika? Akatafuta, maskini, safari hii alitafuta kwa haki.

"Ilishajifuta, Maman. Mungeichunga."

Mungeichunga! Nilimnyang'anya kikombe mkononi. Nasema wazi, sijawasamehe, na wasije kununua kitenge kwangu wakategemea nitapunguza bei.

Mwosha aliendelea na kazi kwa jagi la plastiki, la kijani, lililonunuliwa na msikiti. Wanawake waliomsaidia waliniambia kwamba mara nyingine alinyoosha mkono kulishika mahali ambapo mpini haupo. Maji yakawa yanamwagika kwa wingi, chumba kinalowa. Akaanza kuzunguka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, anasimama mbele ya marundo yao, anatazama, anaondoka. Radio haikusikika tena. Nilimwona anapungua, mwili ukawa mdogo ndani ya kanga, na hakuna daktari aliyepata jina la ugonjwa wake.

Nilivuka nikaenda Bukavu, soko zima nikalizunguka, nikapata birika la shaba. Jipya, linang'aa. Muuzaji alinieleza wateja wake wa maofisini wanavyolipenda. Sikumwambia la nini.

Nilimkuta Mwosha kwenye mkeka barazani, juani, ameegemea ukuta. Hakuwa anaamka sana siku hizo. Alilipokea birika, akaligeuza, akaugusa mdomo wake kwa kidole.

"Ni muzuri," akasema. Machozi yakamtoka bila uso kubadilika. "Ni muzuri sana. Lakini mutoto wangu haijui hii."

Nikalia na mimi. Nikaanza tena kuwalaani polisi, nikamlaani mwizi, nikasema natamani ningelijua tu jina lake ningemvua nguo sokoni. Aliniacha nimalize.

"Mi niko namujua," akasema.

Nilinyamaza. Mnisikie, mimi nilinyamaza.

"Toka siku ya kwanza. Nilimuoshaka mama yake, kule Nzahaha. Njo yeye alituletea maji siku ile. Bega yake iko kama ya mama."

"Kwa hiyo alijua lile birika ni nini?"

"Alijua."

"Na ukanyamaza! Mama, jina lilikuwa mdomoni mwako, kituoni pale walikuuliza!"

Alikuwa anatafuta pumzi. Akaniambia alimwona mtu yule katika aibu yake, na alichokiona katika aibu ya mtu hakijawahi kupita mdomoni mwake, hawezi kuanza uzeeni kwa sababu kilichoibiwa ni chake. Alikwenda hadi kwake, akafika mlangoni, akakuta watoto wake wanakula nje. Akageuza. Angesema nini mbele yao? Lakini kamera, akasema, kamera haikufunzwa kazi ya kufunika. Kamera haijafunga kinywa. Ndiyo maana aliomba waangalie. Wangeangalia tu, wangemjua, yuko kule barabara ya Nzahaha anauza mkaa kila siku, wangemwita, angelirudisha, na yeye Mwosha asingekuwa amesema.

"Niliomba waangalie tu," akarudia. Sijasikia sauti ya uchungu kama ile, na haikuwa kubwa.

Kisha akaniuliza kama ile picha bado iko kwenye simu yangu. Nikamwambia ipo, na itakuwepo mpaka kiyama. Akaniomba aione. Tukaitazama, vichwa vimegusana: bomba, uso, miguu, koti.

"Sasa umufute," akasema.

"Simfuti."

"Birika imeshakuwa sufuria mahali fulani. Imebakia nini? Imebakia ule muntu, uchi, mukononi mwako. Mi nikifa utamuonyesha kila muntu."

Alinijua. Wallahi ningemwonyesha kila mtu. Nilibishana naye, nikamwambia huu ndio ushahidi pekee tulio nao, siku moja watapata aibu wataangalia. Yeye aliniwekea mkono wake mdogo juu ya wangu, ule mkono ambao mji mzima uliuogopa, ulikuwa wa moto kwa homa. Nikabonyeza. Simu ikauliza kama nina hakika. Nikabonyeza tena.

Akaniagiza nitie maji ndani ya birika jipya. Nikatia. Akajiinua, akalishika kwa mikono miwili, hakutaka nimsaidie, akaniambia nikinge. Nikakinga viganja. Maji yakatoka mengi mno, kwa pupa, yakatulowesha mapaja na mkeka.

"Hii bado inajifunza," akasema. Akalinyanyua kidogo mdomo, maji yakapungua, yakawa membamba.

"Nawa, binti yangu. Umemaliza."